Clonezilla na GParted kabla ya kusakinisha mfumo upya: tathmini ya zana mbili za bure

Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote anayekusudia kufuta kompyuta yake na kusakinisha mfumo endeshi upya, na GParted, ya kugawanya diski, ni mwenziwe ambaye sioni sababu ya kumtenga naye. Hata hivyo pendekezo langu lina sharti, na sharti hilo ndilo lililonifanya niandike tathmini hii badala ya kumwelekeza kila anayeniuliza kwenye tovuti ya kupakulia. Thamani ya Clonezilla hutegemea namna diski ilivyogawanywa. Mwenye diski iliyo patisheni (yaani sehemu ya diski) moja kubwa, iliyochanganya Windows, picha za harusi, hesabu za biashara na filamu, atapata taswira, yaani nakala kamili ya diski iliyofungwa pamoja, nzito inayochukua saa nyingi kutengenezwa na ambayo hawezi kutoa humo barua moja anayoitaka. Aliyetenganisha mfumo na kazi zake atapata taswira ndogo ya mfumo peke yake, atakayoirudisha wakati wowote bila kugusa kazi yake hata faili moja.

Suala hili limekuwa la haraka tangu Microsoft iliposimamisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi zinazouzwa hapa Mombasa, kuanzia Digo Road hadi Moi Avenue, ni zile zilizokwisha kutumika ng'ambo, na si zote zinazokubali Windows 11, kwa sababu mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na, kwa wenye vichakataji vya Intel, kwa kawaida kizazi cha nane au cha baadaye. Wenye kompyuta zinazokubali wanahamia Windows 11. Wengine wanahamia Linux Mint, Ubuntu au Debian. Na wote, wakijua wasijue, wanafika mahali ambapo kibonyezo kimoja hufuta kila kitu. Mara nyingi mteja huulizwa swali moja tu dukani, "Kuna kitu cha maana humu?", naye hujibu kwa kukumbuka picha na kusahau yaliyobaki. Swali hilo halitoshi, na zana ninazozitathmini hapa haziwezi kumuulizia mtu maswali yaliyobaki.

Clonezilla hutengenezwa Taiwan, katika kituo cha taifa cha kompyuta zenye uwezo mkubwa kinachojulikana kwa kifupi kama NCHC, chini ya uongozi wa Steven Shiau, na imekuwa ikitolewa bure tangu 2007 kwa leseni huria ya GPL. Haisakinishwi ndani ya Windows. Huandikwa kwenye flashi, kwa mfano kwa programu ya Rufus, kisha kompyuta ikawashwa kutoka kwenye flashi hiyo, ili diski inayonakiliwa iwe imelala na faili zake zisibadilike katikati ya kazi. Husoma maeneo yenye data pekee na kuyaruka yaliyo matupu, mradi inaujua mfumo wa faili, yaani namna faili zinavyopangwa katika diski, uliotumika, na inaijua mingi: NTFS ya Windows, ext4 ya Linux, FAT32, exFAT na mingine. GParted nayo huwashwa vivyo hivyo kutoka kwenye flashi, na kazi yake ni kuonyesha patisheni kwa mchoro, kuzipunguza, kuzipanua, kuzisogeza, kuzifuta na kuunda mpya.

Nilizitumia zote mbili kwa kazi mbalimbali, ila mfano unaofafanua zaidi ni laptopu ya ami yangu, mwenye duka la vipuri vya magari upande wa Makupa. Diski yake iliuzwa kama GB 500. Windows huionyesha kuwa GB 465 kwa sababu mtengenezaji huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024, na ni vyema kupanga kwa hesabu hii ya pili ili namba zisipungue mwishoni. Karibu nafasi yote ilikuwa patisheni moja ya C. Kabla ya kuwasha chochote tulikaa na karatasi na kalamu.

"Ami, hesabu za duka zinakaa wapi?" nilimuuliza.

"Si hapo kwenye kioo, mwanangu. Ukiwasha tu utaziona."

Alichokiona kwenye kioo kilikuwa alama ya kufungulia programu. Hifadhidata yenyewe ya mauzo na madeni ilikuwa katika folda ya ProgramData, ambayo Windows huificha, na mtu anayenakili Desktop, Documents na Pictures peke yake angeiacha yote ifutwe. Hapa ndipo penye uzito wa kazi nzima. Nawasihi wasomaji wakae na mwenye kompyuta wakati yeye mwenyewe anaitumia, wamtazame anafungua nini asubuhi na anachapisha nini jioni, na kwa kila programu waulize data yake inahifadhiwa wapi. Programu nyingi za hesabu zina amri yake maalumu ya kutoa nakala, na nakala inayotolewa kwa amri hiyo ni salama kuliko kunakili folda wakati programu iko wazi. Barua pepe za Outlook huweza kuwa ndani ya faili ya PST. Nywila na alamisho za kivinjari ziko mahali pengine kabisa. Na wanaotumia OneDrive wajue kwamba faili inayoonekana kwenye orodha huenda haimo katika diski, bali ni jina lake tu, na yenyewe iko mbali kwenye seva. Faili kama hiyo ishushwe kwanza ndipo inakiliwe.

Jambo jingine la kuandikwa kwenye karatasi ni kama diski imefungwa kwa BitLocker, ufungaji wa siri wa Windows. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hufungwa zenyewe bila mwenyewe kuarifiwa kwa namna atakayoikumbuka. Amri ya manage-bde -status katika dirisha la msimamizi hujibu swali hilo mara moja. Ikiwa imefungwa, tafuta ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48, uuandike nje ya kompyuta hiyo, kisha uzime ufungaji na usubiri umalizike kabla ya kutengeneza taswira, kwa maana kwa kawaida Clonezilla haiwezi kuona yaliyomo katika patisheni iliyofungwa, na italazimika kunakili kila sekta, tupu na isiyo tupu. Zima pia uwashaji wa haraka wa Windows. Kipengele hicho huiacha NTFS katika hali ya nusu usingizi kila unapozima kompyuta, na zana zote mbili hukataa au hulalamika zinapoikuta hivyo. Amri ya powercfg /h off huliondoa tatizo hilo, na baada yake zima kompyuta kikamilifu.

Mpango tuliouandika ulikuwa huu: patisheni ndogo ya EFI inayoshika faili za kuwashia, patisheni ya MB 16 ambayo Windows hujitengea, GB 120 kwa Windows na programu, patisheni ya urejeshaji nyuma yake, na yote yaliyobaki yawe D, makazi ya hesabu, ankara na picha. Hakuna haja ya kuziunda zile ndogo kwa mkono. Wakati wa kusakinisha Windows 11 kwenye diski iliyosafishwa, ukiunda patisheni mpya na kuandika 122880, yaani MB zinazofanya GB 120, kisakinishi chenyewe huunda zile ndogo, na nafasi iliyobaki huachwa wazi hadi utakapoifanya D baadaye. Kwa nini 120 wala si 60? Kwa sababu masasisho makubwa ya Windows huhifadhi toleo la zamani kando kwa muda, na C iliyobanwa hukosa pumzi katikati ya sasisho. Ubanaji huo umewahi kuonekana hata katika patisheni ndogo: Januari 2024 sasisho la KB5034441 lilikwama katika kompyuta nyingi za Windows 10 kwa sababu patisheni ya urejeshaji ilikosa nafasi ya kutosha, na Microsoft ikalazimika kuwaelekeza watu waiongezee MB 250 kwa amri za mkono. Anayepanga diski leo aiachie patisheni hiyo karibu GB 1, na asiifute kwa kudhani ni nafasi iliyopotea.

Suala la MBR na GPT, namna mbili za kuorodhesha patisheni za diski, nalipitia haraka. Windows 11 inadai UEFI, programu ya ndani inayowasha kompyuta mpya, na UEFI huenda na GPT, ambayo katika Windows hubeba patisheni hadi 128. MBR ya zamani hukubali nne tu za msingi na kwa kawaida haivuki TB 2. Katika dirisha la amri la msimamizi andika diskpart kisha list disk, na ukiona nyota chini ya safu ya Gpt, endelea na kazi.

Sasa nakala. Tulifanya mbili zenye tabia tofauti, na hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi wanaotegemea moja. Ya kwanza ilikuwa nakala ya kawaida ya faili, folda kwa folda, kwenye diski ya nje, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua katika kompyuta yoyote bila programu maalumu. Ya pili ilikuwa taswira ya Clonezilla ya diski nzima jinsi ilivyokuwa, makosa yake na yote, kwa ajili ya siku ambayo ami angesema kuna kitu kilichosahaulika. Diski ya nje iliyoandaliwa kwa FAT32 haifai kwa nakala ya kwanza, kwa kuwa haipokei faili moja inayofika GB 4, na hifadhidata za biashara na video hupita hapo kwa urahisi. NTFS au exFAT ndizo za kutumia.

Clonezilla yenyewe inaonekana kavu. Hakuna kipanya, ni skrini ya maandishi, mishale na kitufe cha kuingiza, na maelezo yake ni ya Kiingereza kigumu kwa asiyeyazoea. Ninaiona kasoro ya kweli kwa watumiaji wa huku, si jambo la kupuuzwa. Hata hivyo mpangilio wa maswali yake ni wa kiungwana: unachagua device-image ili ifanye taswira badala ya kumwaga diski moja juu ya nyingine, unachagua diski ya kuhifadhia, unachagua njia ya wanaoanza, kisha savedisk kwa diski nzima au saveparts kwa patisheni ulizozitaja. Mwishoni hukuuliza kama unataka taswira ikaguliwe, na jibu liwe ndiyo hata kama linaongeza muda. Wakati wa kurudisha, hukutaka uthibitishe zaidi ya mara moja kabla ya kuandika juu ya diski, na ninaithamini tahadhari hiyo.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni majina ya diski. Clonezilla huziita sda, sdb au nvme0n1, na majina hayo yanaweza kubadilika ukiwasha upya na flashi ikiwa katika tundu jingine. Usichague kwa jina. Soma ukubwa na modeli vinavyoandikwa pembeni, na kabla ya kuanza chomoa kila diski isiyohusika. Diski mbili zenye ukubwa mmoja zisikae katika kompyuta moja wakati wa kurudisha taswira, isipokuwa umeandika namba zao za mfululizo (serial number) kwenye karatasi ile ile ya mpango.

Kasi inategemea tundu kuliko programu. Kupitia USB 2.0 tarajia MB 30 hadi 40 kwa sekunde, kwa hiyo GB 120 za data huchukua karibu saa nzima, hata kabla ya ukaguzi. Diski hiyo hiyo kwenye USB 3.0 hufika MB 100 kwa sekunde au zaidi. Laptopu za zamani huwa na matundu ya aina zote mbili ubavuni, na inafaa kulitafuta lile lenye kasi.

Udhaifu mkubwa wa Clonezilla ni kwamba haikubali, kwa kawaida, kurudisha taswira kwenye diski ndogo kuliko ile iliyotoka. Hata kama data ni GB 70 tu, taswira ya diski ya GB 500 haitaingia katika SSD (diski isiyozunguka) ya GB 256. Wengi hapa mjini wanaposakinisha upya ndipo pia wanapobadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD ndogo, na hukwama mahali hapo. Njia ni kuanza na nakala ya faili, kisha kupunguza patisheni kwa GParted hadi itoshee, ndipo taswira ifanywe. Pia haifanyi nakala za nyongeza, zile zinazochukua mabadiliko ya jana tu. Kila mara huanza upya. Na haina njia nyepesi ya kufungua taswira na kuchukua faili moja. Kwa haja hiyo ya mwisho nampendekezea msomaji Rescuezilla, ambayo ina dirisha na kipanya, inaelewana na taswira za Clonezilla, na inaweza kuzifungua ili uchague faili. Asiyeweza kabisa kuvumilia skrini ya maandishi aanze na Rescuezilla. Mimi nabaki na Clonezilla kwa sababu huwaka hata katika kompyuta dhaifu na hueleza kila hatua inayofanya. Zamani wengi walitumia toleo la bure la Macrium Reflect, lakini huduma yake ilikoma mwanzoni mwa 2024.

GParted ni rahisi kuielewa, na urahisi huo una hatari yake. Kusogeza ukuta wa kulia wa patisheni kwenda kwenye nafasi tupu ni kazi ya muda mfupi. Kusogeza ukuta wa kushoto ni jambo jingine: ni sawa na kuagiza shehena yote ya ghala ihamishwe hatua moja, gunia kwa gunia, na kwenye diski ya kuzunguka inaweza kuchukua saa nyingi. Stima ikipotea katikati, patisheni inaweza isisomeke tena. Mombasa stima hupotea, na wakati wa joto kali au mvua kubwa sithubutu kuanza kazi hiyo kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba ya UPS. Laptopu iwe na betri inayoshika chaji kweli, iwe imejaa, na ichomekwe. Programu yenyewe hutoa onyo kabla ya kusogeza mwanzo wa patisheni. Onyo hilo lisomwe. Jambo linalonifurahisha katika GParted ni kwamba haitekelezi chochote papo hapo: hupanga kazi zote kwenye orodha chini ya dirisha, nawe unazisoma kwa utulivu na kufuta usiyoitaka kabla ya kubonyeza alama ya kukubali.

Kuhusu D, lazima niseme wazi, kwa sababu kosa hili nalisikia kila mara: D si nakala ya akiba. C na D ziko katika diski moja, na diski ikifa zinakufa pamoja, kompyuta ikiibwa zinaibwa pamoja. Faida ya D ni kwamba unaweza kufuta C na kusakinisha upya bila kuhamisha hesabu. Kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh bado ndiyo ninayoifuata: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Ya ami iliyo mahali pengine iko kwa shangazi Kisauni, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri wenye vipakiti vya kunyonya unyevu, maana hewa ya chumvi huku pwani haina huruma na viunganishi vya chuma. Kutuma kila kitu kwenye seva za mbali kunawezekana, lakini hesabu ifanywe kwanza: GB 100 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 10 kwa sekunde ni zaidi ya saa 22 mfululizo. Hifadhidata ya duka, iliyo ndogo, ipande kila usiku. Picha zibaki kwenye diski.

Gharama ni ndogo. Programu zote mbili ni bure, faili la kupakua la Clonezilla ni la kiasi cha nusu GB hivi, na kinachobaki ni flashi na diski ya nje yenye nafasi inayozidi data yako. Diski hiyo ndiyo ya kutolea fedha bila kusita. Usikubali kununua flashi ya ukubwa wa ajabu kwa bei ya ajabu kandokando ya barabara. Ijaribu kwa kuijaza yote na kusoma ulichoandika kabla ya kuiamini.

Kabla sijafuta diski ya ami nilichukua nakala ya faili hadi kwenye kompyuta nyingine, nikafungua ankara za miaka tofauti, picha kadhaa, na nikairejesha hifadhidata katika programu ile ile ya hesabu hadi jumla ya madeni ikalingana na aliyoiona yeye. Ukaguzi wa Clonezilla huthibitisha kwamba taswira inasomeka. Hauthibitishi kwamba ulinakili unachokihitaji. Ami aliketi kando yangu, akasoma majina ya wadaiwa mmoja mmoja, kisha akasema, "Haya, bismillahi, sasa futa."

Windows ikasakinishwa, D ikaundwa, na folda ya Documents ikaelekezwa D kupitia sifa zake ili kila anachohifadhi kiende huko bila yeye kukumbuka. Baada ya masasisho, printa na programu ya hesabu kukaa sawa, niliwasha tena Clonezilla na kuchukua taswira nyingine, safari hii kwa saveparts, ya patisheni za mfumo bila D. Taswira hiyo ni ndogo sana ikilinganishwa na ya kwanza, na ikihitajika itarudishwa juu ya patisheni hizo hizo, ambazo zisipunguzwe ukubwa tangu hapo. Ile ya zamani sijaifuta. Tumekubaliana ibaki hadi ami amalize kufunga hesabu za mwaka na kupeleka ritani ya kodi, kwa kuwa hapo ndipo kila faili iliyosahaulika hutafutwa.